Bahari ya Siku Moja: Historia ya Safari ya Matanga kati ya Nzwani na Maore

Utangulizi

Mama mmoja, jirani yetu mtaani Kadutu, Bukavu, aliwahi kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Mwanawe alikuwa amefika Komori, katika kisiwa cha Nzwani, baada ya kupitia Kigoma na Dar es Salaam. Alikuwa anasubiri kuvuka kwenda Maore, kisiwa ambacho sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakiita Mayotte. Mama yake alikuwa amesikia kwamba nimesoma habari za visiwa hivyo. Akaniuliza:

"Mwanangu, kutoka pale alipo mpaka anapotaka kwenda kuna umbali gani?"

Nikamjibu: "Mama, ni kilomita sabini hivi za maji."

Akafikiri kidogo. "Basi ni pafupi kuliko kutoka hapa mpaka Goma kwa boti. Kwa nini anangoja miezi minne?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilomita 90, na watu wetu hulivuka kila siku wakiwa na magunia ya maharage na watoto mgongoni. Mlango wa bahari kati ya Nzwani na Maore ni mfupi kuliko ziwa letu. Mashua ya matanga huuvuka kwa siku moja. Hata hivyo ni moja ya njia za maji zilizoua watu wengi katika Bahari ya Hindi ya leo.

Insha hii inajaribu kujibu swali la mama yule kwa njia ya historia. Nitaanza na safari yenyewe jinsi inavyofanywa na mashua ya matanga, kisha nitaeleza jinsi bahari ya siku moja ilivyogeuka kuwa mpaka. Hoja yangu ni kwamba umbali kati ya visiwa hivi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni karatasi, na karatasi hizo zina tarehe, zina watu waliozitia saini na zina watu waliozipigia kura. Nitajaribu pia kuepuka jibu la haraka ambalo sisi wanafunzi tunalipenda, kwamba "wakoloni waliwagawa" na mambo yakaishia hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi.

Safari ya siku moja

Funguvisiwa la Komori lina visiwa vikubwa vinne: Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore. Vyote vilitokana na volkano, na vipo kati ya pwani ya Msumbiji na kaskazini mwa Madagaska. Nzwani ni kisiwa cha milima mikali. Kilele chake, Ntringui, kina urefu wa karibu mita 1,600. Maore, iliyo upande wa kusini-mashariki, ni kisiwa kikongwe zaidi kwa umri wa miamba. Milima yake imechakaa, na mrefu kuliko yote hauzidi mita 700. Kwa sababu ya ukongwe huo Maore imezungukwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na nchi kavu, na ndani ya mwamba huo kuna maji yaliyotulia yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Anayekuja kutoka nje lazima atafute mlango katika mwamba.

Kila mwaka mashua za matanga za wasafiri wa starehe hupita katika maji haya. Wengi wao ni wazee waliostaafu kutoka Ulaya, mke na mume, wanaoishi ndani ya mashua yenye urefu wa mita 12 au 13 na kuzunguka dunia polepole. Mashua kama hiyo hwenda maili 5 au 6 za baharini kwa saa, yaani karibu kilomita 10. Ukigawa kilomita 70 kwa mwendo huo unapata saa saba au nane. Lakini bandari ya Nzwani, Mutsamudu, iko upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo nahodha anapaswa kwanza kuzunguka ncha ya Jimilime. Na Mamoudzou, mji mkubwa wa Maore, uko upande wa mashariki ndani ya mwamba. Ukijumlisha yote, safari nzima huchukua saa 12 au zaidi. Ndiyo maana nahodha mwenye busara hung'oa nanga usiku wa manane. Hataki kufika mwambani gizani, kwa sababu matumbawe huonekana vizuri jua likiwa juu, rangi ya maji ikimwonyesha wapi ni kina na wapi ni kifo.

Upepo una neno lake pia. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hivi, upepo huvuma kutoka kusini-mashariki, yaani kutoka Maore kwenda Nzwani. Anayetoka Maore huusukumiza mgongo wake na kufika mapema. Anayekwenda Maore hupigwa usoni, na mwenye tanga hulazimika kubisha, aende mshazari huku, ageuze, aende mshazari kule. Wakati wa kaskazi upepo humfaa anayekwenda Maore, lakini huo ndio msimu wa mvua na wa vimbunga. Kwa hiyo wakati mzuri ni ule wa katikati, ambao mabaharia wa Kiswahili huuita tanga mbili, upepo unapokuwa mwepesi na chombo kinaweza kwenda pande zote.

Tuchukue siku moja ya namna hiyo. Mashua inaiacha Mutsamudu usiku, taa za mji zikiwa juu ya mlima kama makaa yaliyomwagwa. Alfajiri inakuwa imeipita Jimilime. Asubuhi, kama anga ni safi, inafika mahali ambapo visiwa vyote viwili vinaonekana kwa wakati mmoja: Nzwani nyuma, mirefu na yenye mawingu, na Maore mbele, mifupi na ya bluu. Mchana inakikaribia kisiwa kidogo cha Mtsamboro, kaskazini mwa Maore, na kuingia ndani ya mwamba. Mawimbi yanakoma ghafla. Jioni nanga inatupwa Mamoudzou. Kesho yake mzee na mkewe wanakwenda ofisini na pasipoti zao. Kama ni Wafaransa, wamefika nyumbani, hakuna viza. Walipokuwa Nzwani walipewa viza walipofika. Wanaandika katika daftari lao kwamba ilikuwa siku nzuri.

Nimeieleza siku hii kwa urefu kwa sababu inathibitisha jambo moja. Bahari hii, kwa mtu mwenye chombo kizuri, msimu mzuri na mwanga wa jua, si bahari ya kutisha. Ni safari ya siku moja, kama ilivyokuwa kwa miaka elfu moja.

Kabla ya mpaka

Wanaakiolojia wamechimba mahali paitwapo Dembeni, upande wa mashariki wa Maore, na kukuta mji wa biashara uliostawi kati ya karne ya 9 na ya 12. Walikuta vyombo kutoka Uajemi na China, na vipande vingi vya mawe angavu ya fuwele yaliyotoka Madagaska kwenda nchi za Kiislamu. Vyungu vya wenyeji wa Dembeni vinafanana na vile vilivyochimbwa Sima, Nzwani, kiasi kwamba wataalamu hutumia jina la Dembeni kuitaja awamu nzima ya historia ya visiwa vyote. Vyungu havitembei vyenyewe. Watu walikuwa wakivuka.

Katika msikiti wa Tsingoni, Maore, kibla kina maandishi ya mwaka 1538. Tsingoni ulikuwa mji wa masultani, na masultani hao walikuwa na undugu na wale wa Nzwani. Lugha ni shahidi mwingine. Shinzwani na Shimaore zinaelewana kwa urahisi, na zote ni ndugu wa Kiswahili. Nilipokuwa Unguja kwa muhula mmoja wa masomo, niliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa Nzwani. Yeye alisema bahari, nami nilisema bahari. Alisema kusi na kashkazi. Visiwa aliviita masiwa. Bibi yake, ambaye yeye humwita koko, alizaliwa Maore na kuolewa Domoni, mji wa Nzwani unaoitazama Maore. Alivuka akiwa bibi harusi, katika jahazi, pamoja na masanduku yake. Hakuna aliyemwomba karatasi.

Hata hivyo tusiipambe bahari hii ya zamani. Njia iliyopitisha mabibi harusi ilipitisha pia watumwa na maharamia. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, Wabetsimisaraka na Wasakalava kutoka Madagaska walikuja na makundi makubwa ya mitumbwi, wakachoma miji na kuteka watu. Walifika mpaka kisiwa cha Mafia, katika Tanzania ya leo. Mutsamudu ilijijengea ngome. Maore, yenye watu wachache, ilikaribia kuwa tupu. Na masultani wa Nzwani, ambao walikuwa wakinufaika kwa kuziuzia maji na chakula meli za Waingereza zilizokwenda India, waliiona Maore kuwa mali yao. Kumbukumbu hii ni muhimu. Watu wa Maore walipokuja kusema baadaye kwamba wanaiogopa Nzwani, hawakuwa wanabuni hofu siku ile.

Hati ya mwaka 1841

Karatasi ya kwanza ilitiwa saini tarehe 25 Aprili 1841. Mtawala wa Maore wakati huo alikuwa Andriantsoly, mfalme wa Kisakalava aliyeshindwa vita Madagaska, akakimbilia Maore na kuitwaa. Alikuwa amezungukwa na maadui, Nzwani ikiwa mmojawapo. Kapteni Mfaransa, Pierre Passot, alipokuja kutafuta bandari nzuri, Andriantsoly alikubali kuiachia Ufaransa kisiwa kwa malipo ya piasta 1,000 kwa mwaka. Ufaransa iliuthibitisha mkataba huo mwaka 1843. Sultani wa Nzwani alidai kwamba kisiwa hakikuwa cha Andriantsoly kukiuza, lakini hakusikilizwa.

Hapo ndipo mlango wa bahari ulipoanza kuwa mpaka wa sheria. Tarehe 9 Desemba 1846 Ufaransa ilitoa amri ya kufuta utumwa Maore, kabla ya makoloni yake mengine ambayo yalifuata mwaka 1848. Mabwana kadhaa waliondoka na watumwa wao kwenda visiwa vingine ambako utumwa uliendelea kwa miaka mingi. Waliobaki hawakupata uhuru kamili, kwani walitakiwa kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Lakini kwa mara ya kwanza, kuvuka kilomita 70 kulibadilisha hadhi ya mtu mbele ya sheria.

Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886, miaka 45 baada ya Maore. Mwaka 1912 vyote vinne viliunganishwa na koloni la Madagaska, na mwaka 1946 vikatengwa tena kuwa eneo moja lenye utawala wake. Makao makuu yalikuwa Dzaoudzi, kisiwa kidogo cha Maore. Kwa hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mpaka ulififia tena. Visiwa vyote vilikuwa na bendera moja, na majahazi yaliendelea kuvuka.

Kura zilizohesabiwa kwa namna mbili

Mwaka 1958 baraza la visiwa liliamua kuhamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi kwenda Moroni, Ngazidja. Katika miaka iliyofuata ofisi zilihama, na kazi na mishahara ikahama nazo. Waliobaki nyuma hasa walikuwa wanawake, ambao waume zao walifuata kazi Moroni na baadhi yao hawakurudi. Ndio waliounda harakati ya ajabu ambayo Wafaransa waliiita ya watekenyaji. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Zéna M'Déré. Waziri au ofisa alipokuja kutoka Moroni, wanawake hao walimzunguka na kumtekenya mpaka akimbie. Inachekesha, lakini dai lao lilikuwa zito: hawakutaka kutawaliwa kutoka Ngazidja na Nzwani, na waliona kubaki na Ufaransa ni kinga. Wapo watu wa Maore waliowapinga na kutaka umoja wa visiwa, na mvutano kati ya pande hizo mbili ulikuwa mkali.

Upande wa pili, wazo la uhuru lilikuwa linakua, na sehemu yake ilikulia Afrika Mashariki. Chama cha ukombozi cha Wakomori, MOLINACO, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa Wakomori waliokuwa wakiishi Tanganyika na Zanzibar, na kilifanya kazi zake kutoka Dar es Salaam.

Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vyote vilipiga kura. Karibu asilimia 95 ya kura zote zilitaka uhuru. Lakini Maore peke yake, zaidi ya asilimia 60 zilikataa. Swali likawa: kura hizo zihesabiwe vipi? Kama ni nchi moja, uhuru umeshinda. Kama ni visiwa vinne, kimoja kimekataa.

Hapa naomba wanafunzi wenzangu wa lugha tusimame kidogo. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 23 Novemba 1974, iliyoitisha kura hiyo, haikuzungumzia umma wa Komori kwa umoja. Ilisema kwamba "populations" za Komori ndizo zitakazoulizwa, kwa wingi. Herufi moja ya mwisho, s, ambayo katika matamshi ya Kifaransa hata haisikiki, iliacha mlango wazi. Waliotaka kuhesabu kisiwa kwa kisiwa walipita humo. Sisi tunaofundishwa kila siku umuhimu wa ngeli, umoja na wingi, tuna mfano wa kutosha hapa wa jinsi wingi wa nomino unavyoweza kugawa nchi.

Bunge la Ufaransa liliposogeza mambo mbele na kudai katiba ipitishwe na kila kisiwa, Ahmed Abdallah alitangaza uhuru peke yake tarehe 6 Julai 1975. Mwezi Novemba Komori iliingia Umoja wa Mataifa ikiwa nchi ya visiwa vinne. Tarehe 31 Desemba Ufaransa ilitambua uhuru wa visiwa vitatu tu. Februari 1976 suala lilifikishwa mbele ya Baraza la Usalama, na Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu. Siku chache hizo hizo, tarehe 8 Februari, Maore ilipiga kura tena, na asilimia 99 walichagua kubaki na Ufaransa. Oktoba 1976 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani hatua hiyo. Kwa hiyo tangu mwaka huo kuna majibu mawili kwa swali moja. Sheria ya kimataifa, inayosema mipaka ya koloni isivunjwe wakati wa uhuru, inasema Maore ni Komori. Watu wa Maore wenyewe, kila walipoulizwa, walisema vingine.

Nadhani ni wajibu wetu kuyashika majibu yote mawili pamoja. Mwanafunzi anayesema watu wa Maore walidanganywa tu hawaheshimu wanawake waliopigania dai lao kwa miaka mingi. Na anayesema watu walipiga kura na mjadala umekwisha anasahau ni nani aliyeamua kura zihesabiwe vipi.

Viza ya mwaka 1995

Jambo linalonishangaza ni kwamba uhuru wenyewe haukufunga bahari. Kwa karibu miaka 20 baada ya 1975, watu wa Nzwani waliendelea kwenda Maore kuuza nyanya, kutibiwa, kuoa na kuzika. Bendera mbili zilipepea, lakini mlango ulikuwa wazi.

Ulifungwa Januari 1995, wakati Édouard Balladur alipokuwa waziri mkuu wa Ufaransa. Tangu hapo Mkomori anayetaka kwenda Maore lazima aombe viza kabla ya kuondoka. Watu huiita mpaka leo viza ya Balladur. Kwa mkulima au mvuvi wa Nzwani, masharti yake ni sawa na kuambiwa hapana.

Watu hawakuacha kuvuka. Walibadilisha chombo na saa. Badala ya jahazi la mchana lilikuja boti dogo la wavuvi la plastiki lenye mashine, na badala ya tanga mbili likaja giza. Boti hilo huitwa kwasa-kwasa. Jina hili linatuhusu sisi, kwa sababu kwasa-kwasa ni ngoma iliyotoka kwetu Kongo na kuenea Afrika nzima katika miaka ya 1980. Wakomori walilipa boti jina hilo kwa jinsi linavyotikisika juu ya mawimbi. Neno la furaha ya Kinshasa limekuwa jina la safari ya hofu.

Linganisha sasa na mashua ya wale wazee. Nahodha wa mashua ya matanga huchagua msimu. Wa kwasa-kwasa huondoka siku abiria wanapotosha boti na doria inapokuwa mbali. Wa kwanza hukwepa kuingia mwambani usiku. Wa pili hulazimika kuingia usiku. Wa kwanza huwasha taa aonekane. Wa pili huzima zote. Kila kanuni ya usalama ambayo mabaharia wamejifunza kwa karne nyingi, mpaka huu unamlazimisha mtu aigeuze. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu kati ya 7,000 na 10,000 waliokufa katika mlango huo tangu 1995. Bahari ni ile ile aliyoivuka koko akiwa bibi harusi.

Historia imeonyesha pia kwamba njia hii haibagui. Mwaka 2008 Umoja wa Afrika ulituma majeshi, yakiwemo ya Tanzania, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa ameishikilia Nzwani. Majeshi yalipotua tarehe 25 Machi, mtawala huyo alitoroka kwa boti. Alikimbilia Maore.

Baada ya hapo mpaka ulizidi kuwa mnene. Machi 2009 watu wa Maore walikubali kwa asilimia 95 kisiwa chao kiwe mkoa kamili wa Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa wa 101. Mwaka 2014 kikawa sehemu ya Umoja wa Ulaya. Kwa miaka kadhaa watu zaidi ya 20,000 wamekuwa wakirudishwa kutoka Maore kila mwaka, wengi wao kwenda Nzwani, na wengi wao huvuka tena. Aprili 2023 Ufaransa ilipoanzisha operesheni kubwa ya kuwafukuza watu, Komori ilikataa kuipokea meli iliyowarudisha. Lakini wakazi wa Maore nao wana malalamiko ya kweli, kwa sababu shule hazitoshi na hospitali imeelemewa, katika kisiwa ambacho ni maskini kuliko mikoa mingine yote ya Ufaransa. Mwalimu anayefundisha watoto kwa zamu kwa kukosa madarasa hawezi kuambiwa kwamba tatizo analiona ndotoni.

Sisi wa Maziwa Makuu

Mpaka hapa mtu anaweza kusema hii ni habari ya Wakomori. Si yao peke yao tena. Katika miaka ya karibuni watu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaokimbia vita na mateso wamekuwa wakifuata njia hiyo hiyo. Hupita Tanzania, huvuka mpaka Komori, kisha hupanda kwasa-kwasa ili waombe hifadhi katika ardhi ya Ufaransa. Mwanzoni mwa 2024 kambi yao karibu na uwanja wa michezo wa Cavani, Mamoudzou, ilibomolewa baada ya maandamano ya wenyeji. Katika kambi hiyo Kiswahili kilisikika, kwa sababu ndiyo lugha ambayo Mrundi na Mkongo walizungumza kati yao, na iliyowasaidia kuelewana kidogo na watu wa Maore. Lugha yetu imefika pale kwa mara ya pili, safari hii bila majahazi ya biashara.

Kijana wa jirani yetu alivuka hatimaye. Aliniambia kwa simu kwamba usiku wa kuvuka haukuwa mrefu, na kwamba walipokaribia mwamba waliambiwa wainame na wasiseme. "Bahari si ziwa," alisema, kisha akanyamaza. Sikumwuliza zaidi. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipoipiga Maore na kung'oa mabati ya vibanda vya vilimani, simu yake haikupatikana kwa siku nyingi. Mama yake alikuja kwetu kila jioni akauliza kama nimesikia lolote. Alipopiga mwenyewe, alisema yuko hai na kibanda hakipo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mlango wa bahari kati ya Nzwani na Maore haukuwa mpaka kwa asili yake. Upepo, vyungu, misikiti, lugha na ndoa vinathibitisha kwamba ilikuwa njia. Ulianza kuwa mpaka kwa mkataba wa mtawala mmoja mwenye hofu mwaka 1841, ukafifia, ukarudi kwa kura zilizohesabiwa kwa namna mbili, na ukafungwa kwa viza ya mwaka 1995. Katika hatua hizo zote walikuwepo Wafaransa wenye maslahi yao, lakini walikuwepo pia masultani wa Nzwani, viongozi wa Moroni na wanawake wa Maore waliokuwa na sababu zao. Mwanahistoria akimwondoa mmoja wao, hesabu haikamiliki.

Nilipomweleza mama yule haya yote kwa ufupi, nikitumia mikataba na tarehe, alinisikiliza kwa subira. Mwisho akasema, "Kwa hiyo maji ni yale yale." Nikasema, ndiyo mama, ni yale yale. Sasa haulizi tena kwa nini mwanawe anangoja kuvuka. Anauliza ni lini atarudi, na kwa kuwa mtu asiye na karatasi akitoka Maore hawezi kurudi huko ila kwa giza lile lile, hilo nalo sijaweza kumjibu.